Gombe: msitu uliogeuzwa kisiwa

Ukipanda boti ya abiria pale Kibirizi, Kigoma, kwenda Mwamgongo, kaa upande wa kulia. Kushoto hakuna kitu ila maji na, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo. Habari yenyewe iko kulia. Mara ya mwisho niliposafiri tulikuwa tumebanana na magunia ya unga, kreti za soda, mabati yaliyofungwa kamba ya katani na dumu za mawese ambazo haijalishi umezifunika vipi, lazima zikupake rangi ya machungwa kwenye suruali. Injini ilikuwa inakohoa. Vilima vilikuwa vinapita polepole: mihogo, nyasi, mchikichi mmoja hapa na mwingine kule, nyumba za bati, na mikwaruzo mirefu ya udongo mwekundu pale mvua ilipobomoa shamba la mtu.

Halafu ghafla ukatokea msitu, kama umechorewa mstari kwa rula. Upande huu wa mstari kuna mihogo, upande ule kuna giza la miti kuanzia mchangani hadi karibu na kilele. Boti ikaambaa na giza hilo kwa muda mrefu, mpaka ukaja mstari mwingine na mihogo ikaanza tena.

Mzee aliyekaa mbele yangu aliniona ninavyokodoa macho. "Hiyo ndiyo Gombe, mwanangu. Zamani huku kote kulikuwa hivyo." Alinyoosha mkono, akauzungusha kutoka tulikotoka hadi tulikokuwa tunakwenda.

Maneno yale ndiyo kisa chenyewe. Wengi huisimulia Gombe, hifadhi ndogo ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kama mahali pa mbali palipojitenga tangu dunia iumbwe, pakangoja kugunduliwa. Mimi nadhani simulizi hiyo inaficha jambo. Upweke wa Gombe haukuumbwa. Ulitengenezwa, tena ndani ya maisha ya mtu mmoja, na ukiuchunguza unakuonyesha kwa nini hifadhi inaweza kulindwa vizuri kabisa na bado ikawa mgonjwa.

Upweke wa miaka milioni na upweke wa miaka thelathini

Niruhusu nianzie majini, kwa sababu pale pale ufukweni mwa Gombe kuna upweke wa aina nyingine, ule wa kweli.

Ziwa Tanganyika hukadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya milioni 9 na 12. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na ni Ziwa Baikal peke yake duniani lenye kina kulizidi. Limekaa peke yake muda mrefu kiasi kwamba samaki wa jamii ya sato na perege waliomo wamegawanyika wakawa spishi zaidi ya 200, na karibu zote huzipati popote pengine. Humo ndimo alimo kuhe, mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo, ambaye Kigoma tunamla wa kukaanga bila kujua kwamba kuna wanasayansi wangepanda ndege kuja kumtazama tu.

Lakini wanaonishangaza zaidi ni wale wadogo wa kwenye mawe, wanaokwangua ukungu wa kijani kwa midomo yao, hasa wale ambao kitaalamu huitwa Tropheus. Samaki huyu haendi kwenye mchanga. Akikutana na ufukwe wa mchanga kati ya mwamba mmoja na mwingine, kwake huo ni ukuta. Matokeo yake ni kwamba mwamba huu una wenye rangi hii, ukivuka ufukwe mmoja unakuta wengine wenye mkanda wa njano, mbele zaidi wana wekundu. Wauza samaki wa mapambo wanawajua kwa jina la ufukwe walikotoka, kama vile sisi tunavyojua dagaa wa wapi ni watamu.

Hapo kutengwa kumezaa utajiri. Ndiyo maana watu wakisikia "mahali palipotengwa" huwaza jambo zuri. Ila samaki wale walikuwa wengi, wanazaliana haraka, na walipewa muda usiohesabika. Sokwe wa Gombe hawakupewa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Ilivyokuwa

Gombe ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, enzi za Mwingereza, na ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwendo wa kilomita zisizozidi 20 ukipima kwa ramani. Kwa boti la kijiji ni saa tatu na zaidi, kutegemea nani kashuka wapi na mizigo gani. Ni ndogo mno. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 35. Ukiongeza ukanda wa maji uliojumuishwa baadaye unapata 56. Mahale, hifadhi ya sokwe iliyoko kusini zaidi katika mkoa huuhuu, ina 1,613.

Udogo huo haukumsumbua mtu mwanzoni. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliposhuka kwenye mchanga wa Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, msitu wa bonde la Kakombe haukuwa na mwisho wa maana. Ulipanda mteremko, ukageuka miombo kwenye mabega ya vilima, ukavuka mgongo wa milima kuelekea mashariki, ukaungana na vichaka na misitu mingine kando ya ziwa. Mpaka wa pori la akiba ulikuwa ni wino kwenye karatasi. Sokwe hakuujua, na wala hakukuwa na sababu ya kuujua.

Kilichobadilika kilibadilika nje. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wasiofika laki tano katika mkoa wa Kigoma. Ya 2022 ilihesabu karibu milioni mbili na nusu. Katikati hapo kulikuwa na operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zilizokusanya watu pamoja, na kulikuwa na mawimbi ya wakimbizi: kutoka Burundi mwaka 1972 na tena 1993, kutoka Kongo mwaka 1996. Kila nyumba ilihitaji kuni. Dagaa wa kukausha jua haihitaji moto, lakini mgebuka wa kubanika unahitaji. Mashamba yaliyokuwa bondeni yakapanda kilima, na kilima cha huku hakina huruma: mwinuko ni mkali, udongo ni mwepesi, ukilima misimu mitatu mvua inauchukua na wewe unahamia juu zaidi.

Goodall mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba alipopita juu kwa ndege ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1990 alishtuka. Picha za setelaiti zinasema vilevile bila kushtuka: ya 1972 inaonyesha rangi ya msitu ikivuka mpaka wa hifadhi kana kwamba mpaka haupo; ya 1999 inaonyesha kipande cha kijani chenye kingo zilizonyooka. Ndizo kingo nilizoziona kutoka kwenye boti.

Na hapa naomba tuwe waadilifu. Hifadhi haikushindwa kazi yake. Ndani ya mpaka miti ilibaki. Askari walilinda walichoagizwa kulinda. Kosa lilikuwa kwenye agizo lenyewe, maana aliyechora mpaka ule alidhani msitu ni jumla ya miti iliyomo ndani yake.

Dalili

Daktari wa kisiwa kama hiki hatazami miti kwanza. Anawatazama mabinti.

Kwa sokwe, dume hubaki alikozaliwa maisha yake yote. Jike akivunja ungo, kwa kawaida kama miaka kumi na moja hivi, huondoka. Anavuka mipaka ya kundi lake, anakwenda kwa wageni, anapigwa kidogo na wanawake wenyeji, anazoea, anazaa huko. Ni utaratibu ambao bibi zetu wangeuelewa mara moja: msichana haolewi nyumba aliyozaliwa.

Gombe kuna makundi matatu: Mitumba kaskazini, Kasekela katikati, Kalande kusini. Magharibi kuna ziwa, na sokwe hajui kuogelea. Mashariki, pale ambapo binti angevuka mgongo wa mlima akutane na makundi mengine, kuna mashamba. Kwa hiyo binti wa Kasekela ana milango miwili tu, na milango hiyo nayo si salama. Watafiti wameona kwamba Gombe takriban nusu ya majike hawaondoki kabisa. Wanabaki nyumbani na kuzaa hapohapo.

Fifi alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtoto wa Flo, yule mama aliyejulikana dunia nzima miaka ya 1960. Fifi alibaki Kasekela, akazaa watoto tisa, na kwa hesabu ya kawaida huyo ni mama aliyefanikiwa kuliko wote. Lakini vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2001 vilionyesha kwamba mtoto wake mmoja alizaliwa na Frodo, na Frodo ni mwanawe wa kumzaa.

Nimeona watu wakisoma habari hiyo na kucheka, au kuguna. Mimi siioni kuwa ya kuchekesha. Sokwe wana namna zao za kuepuka ndugu. Majike wanaobaki nyumbani hujitahidi kuwakwepa kaka zao, na mara nyingi wanafaulu. Ila kukwepa kunahitaji pa kukwepea. Ukiwa na jamii ya sokwe wapatao mia moja, wamegawanyika makundi matatu, kila muongo unaopita undugu unasogea karibu zaidi.

Dalili ya pili ni maradhi. Mwaka 1966 ugonjwa uliofanana na polio uliwapooza sokwe wakati ambapo polio ilikuwa imeripotiwa pia kwa watu wa jirani. Mwaka 1987 yalikuja magonjwa ya njia ya hewa yakaua kadhaa wa Kasekela. Mwaka 1997 ulikuja ukurutu. Katika msitu mkubwa, kundi moja likifa makundi ya jirani hujaza nafasi polepole. Kisiwani hakuna wa kujaza.

Halafu kuna virusi vya SIV, jamaa wa karibu wa VVU. Kwanza niondoe hofu: VVU vilivyoenea duniani havikutoka Gombe, asili yake ni sokwe wa Afrika ya Kati, upande wa Kamerun. Lakini kwa kuokota kinyesi na mkojo msituni kwa miaka, bila kumchoma sokwe hata sindano moja, watafiti waliweza kusema mwaka 2009 jambo ambalo awali lilidhaniwa si kweli: kwamba SIV inawaua sokwe wenyewe. Aliyeambukizwa alikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya mwenzake wa umri wake ambaye hana. Na kundi lililokuwa na maambukizi mengi kuliko yote ni Kalande, lile la kusini, lile ambalo idadi yake ilikuwa imeporomoka mpaka watu wakawa hawaelewi kwa nini.

Weka dalili hizo pamoja. Binti anayetoka Kasekela kwenda kusini anaingia kwenye kundi dogo lenye virusi. Akienda kaskazini anakutana na Mitumba, nalo ni dogo. Akienda mashariki anakutana na mbwa wa mtu na shamba la maharage. Akibaki, anakutana na kaka zake.

Hasara usiyoweza kuihesabu

Kuna kitu kingine kinachopotea ambacho hakiingii kwenye jedwali. Sokwe wa Gombe wanakula chikichi. Wanang'oa tunda kwenye mkungu, wanatafuna nyama yake, wanatema makumbi, wamelowa mafuta mdomoni kama mtoto wa Ujiji. Sokwe wa Mahale, zaidi ya kilomita 100 kusini kwenye ufuko huohuo wa ziwa, wana michikichi na hawaigusi. Wa Mahale kwa upande wao wana namna ya kushikana mikono juu wakati wa kuchambuana manyoya, na Gombe haipo. Wa Gombe huchovya fimbo kwenye siafu. Wa Mahale hawafanyi.

Watafiti wa Kijapani wako Mahale tangu 1965, wenzao wako Gombe tangu 1960, kwa hiyo haya si maneno ya wapita njia. Haya ni mila. Mtoto anaketi karibu na mama anaangalia, kama vile mtoto wa Kibirizi anavyojifunza kushona nyavu. Kundi likifa, mila yake haihamii kwa jirani, maana hakuna aliyebaki wa kuketi karibu naye.

Tiba, na kinachonitia shaka

Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mwanzo wake ulikuwa vitalu vya miche, kama miradi mingi. Lakini walichokuja kujifunza, na nadhani hiki ndicho kiini cha mafanikio yao, ni kwamba mwanakijiji hakuwa na shida ya miche. Alikuwa na shida ya zahanati, maji, ada, na udongo uliochoka. Ukimkuta na miche mkononi kabla ya kumuuliza hayo, anaipokea kwa adabu na kuipanda pale ambapo haitamsumbua.

Baadaye ikaja kazi isiyo na picha nzuri ila yenye nguvu kuliko zote: mipango ya matumizi bora ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji sauti juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Vijiji vilikaa kwenye mikutano mikuu, ramani za setelaiti zikatandazwa mezani, watu wakaonyesha kwa vidole: hapa ni kwa fulani, hapa ni makaburi, hapa ndipo udongo ulipoporomoka. Vingine vikatenga maeneo ya mlimani yanayopakana na hifadhi ili kwa pamoja yaje kuwa ushoroba, yaani njia ya kupitia wanyama.

Na miti ikaanza kurudi. Siri ni kwamba miombo haifi ukiikata. Shina linaondoka, mizizi inabaki hai chini, na ukiacha kulima na kuchoma, kisiki kinachipua kwa kasi ambayo mche wa kitaluni hauwezi kuifikia. Picha za karibuni zinaonyesha vilima vilivyokuwa vipara vikivaa kijani tena.

Shaka yangu si juu ya miti. Ushoroba ni kama mnyororo, kijiji kimoja kikibadili nia katikati, vijiji vingine vyote vimebaki na vichaka vizuri visivyokwenda popote. Na kijiji kina haki ya kubadili nia. Mwaka 2002, ndani ya hifadhi, Frodo alimnyakua mtoto mchanga wa binadamu na kumuua. Watu wa ukanda huu hawajasahau, na sioni kwa nini wasahau. Unapomwomba mtu aache mteremko uliokuwa shamba la baba yake ili mnyama mwenye nguvu kumzidi apite nyuma ya nyumba yake, umemwomba jambo kubwa, hata kama unaliita uhifadhi shirikishi. Vilevile njia anayopita binti sokwe ndiyo njia inayopita kikohozi, kwenda na kurudi. Hayo hayafuti hoja ya ushoroba, lakini anayeutangaza bila kuyataja anauza mbuzi kwenye gunia.

Hoja inayonishawishi mimi imerudi tena majini. Kilima kikikatwa, udongo hauishii kwenye shamba. Unashuka na kijito mpaka ziwani na kukaa juu ya mawe, yaleyale ambayo samaki wadogo wanakwangua. Watafiti wa mashapo wamelinganisha midomo ya vijito vilivyotoka kwenye misitu na vile vilivyotoka kwenye vilima vilivyofyekwa katika mwambao huu, na tope linasimulia tofauti. Samaki aliyezoea mwamba wake mmoja, asiyeweza kuvuka mchanga, anafukiwa na shamba la mihogo. Na mama wa Mwamgongo, ambaye kijiji chake kimebanwa kati ya mlima na maji, anajua tope hilo kwa sababu mvua ikizidi linapita mlangoni kwake. Yeye hahitaji kumpenda sokwe ili autake msitu wa juu.

Siku ya kurudi nilipanda kidogo mlimani na kijana mmoja anayelinda msitu wa kijiji, mwenye simu ambayo anarekodia anachokiona: kisiki kipya, mtego, kiota cha sokwe kama kipo. Siku hiyo hakikuwepo. Alinionyesha kisiki cha mwombo chenye machipukizi manne, matatu membamba kama kidole, moja nene kama mkono wangu. Nikamuuliza lina miaka mingapi. Alifikiri kidogo. "Lilianza kabla ya mwenyekiti aliyepita, kaka."

Nilicheka, lakini njiani nilipiga hesabu. Serikali ya kijiji huchaguliwa kila miaka mitano. Sokwe jike huzaa mara moja kila miaka mitano hivi. Kutoka pale kwenye kisiki hadi mgongo wa mlima, nilikoweza kuuona msitu wa hifadhi umesimama na mstari wake, kulikuwa na nyasi, kisha shamba la mtu, kisha nyasi tena.